Naomba ushauri: kuunga mbao ngumu mbele ya mshale wa mbao

mlengaji_Ohio
Wakuu habari za muda huu. Niko Ohio huku Marekani, napiga upinde wa mbao kama hobi na mishale natengeneza mwenyewe, fito za mwerezi wa Port Orford, zile za inchi 11/32. Sasa tukienda porini kulenga visiki mshale unavunjika palepale nyuma ya kigumba, huku nyuma kote mzima, manyoya hayajaguswa hata. Wazee wa huku wanasema niunge mbao ngumu mbele, unachana uma halafu fito inaingia katikati kama kabari. Kwa macho nimeelewa, mkononi bado. Mbao gani inafaa, uma uwe na urefu gani? Kuna kipande cha mpingo nyumbani Lindi nafikiria bro aniletee.

fundi kereza
Karibu kwenye ugonjwa mkuu 😂. Tafuta kijiti cha mraba, milimita 12 hivi kila upande, urefu sentimita 20, nyuzi zimenyooka mwanzo mwisho, hapo usikubali kubembelezwa maana zikikimbia pembeni jino moja la uma linakatika tu. Chana katikati sentimita 14, mbele ibaki 6 nzima. Kabla hujasukuma chochote funga uzi kwa nguvu pale mchano unapoishia, fito ikiingia meno yanatanuka na mbao itataka iendelee kupasuka hadi mbele. Fito nayo ipige randa pande mbili, ishuke taratibu kwa urefu uleule, ncha ibaki unene sawasawa na njia ya msumeno. Ikiwa nene haifiki chini, ikiwa nyembamba zaidi unabaki na tundu limejaa gundi. Watu wanagombana kuhusu gundi wakati kazi yote iko kwenye huo mteremko.

mlengaji_Ohio
Na kubana je? Jiriwa ninayo

fundi kereza
Jiriwa achana nayo, itakupindishia. Kata mikanda ya tyubu ya baiskeli, zungushia huku unavuta, kesho yake fungua. Halafu randa: mraba, pembe nane, ndio mviringo, malizia na msasa. Ile michongoko miwili inayopendeza inajitokeza yenyewe ukiwa unaviringisha, huichori. Ukitaka minne unachana msalaba, ila hiyo subiri kwanza.

Bi Mkongo
Kaka huo mpingo uache. Una mafuta, gundi nyeupe ya mbao haiushiki vizuri, mpaka ufute na asetoni dakika ileile unayogundisha, tena kwa epoksi. Halafu haupendi kutanuka, ukiulazimisha jino linaruka. Na bro wako ataulizwa uwanjani, jamii yote ya Dalbergia, mpingo ukiwemo, iliingizwa 2017 kwenye orodha ya CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, fuatilia habari za kibali kwanza. Huko kwenu ile miti ya hikori, mbao yake ngumu, si imejaa? Inapinda bila kulalamika, ukiona bado ngumu loweka meno kwenye maji ya moto, acha yakauke kabisa ndio uunge.

mwana_Kitui
Mbona Wakamba wameweka kijiti mbele ya mshale tangu zamani bila gundi yote hiyo

fundi kereza
Hicho kazi yake nyingine mkuu, kinatakiwa kichomoke kibaki na sumu ndani ya mnyama, fito ianguke. Huyu anataka isiachie kabisa.

mlengaji_Ohio
Sawa dada, hikori basi. Kigumba nakivalisha lini?

Bi Mkongo
Ukishaviringisha na kuhakikisha fito imenyooka. Mbele chonga kwa digrii 5, nyuma kwenye uzi wa upinde 11, usichanganye vile vichongeo. Na ujue uzito umeongezeka mbele kwahiyo mshale utaruka kama fito yake ni laini, inapinda zaidi, usiunge dazeni nzima kwa mkupuo, unga mmoja upige kwenye upinde wako uone unaelekea wapi, ukikwepa sana tafuta fito ngumu zaidi kabla hujamaliza mbao.

mlengaji_Ohio
Hapo nimepata. Kuna mwenye hikori ya mpini wa shoka ameshaichana akaona nyuzi zake zikoje?