Apple inunue Netflix au iache? Naomba ushauri kabla ya Jumapili

Fundi_wa_Flashi
Jambo yenu wote. Nauliza wenye kuelewa biashara kubwa. Miaka yote watu wanasema Apple ingefaa inunue Netflix, kwa sababu makuta, yaani pesa, haiwapungui. Mnaonaje, itanunua? Na ikinunua, mwenye hisa za Netflix anapata faida siku ile ile ama anangoja? Nijibuni haraka. Usingizi umenikataa.

Mzee_wa_Bel_Air
Swali zuri kijana, na jibu langu ni kwamba isinunue. Mambo haya hufaulu pale mkubwa anapokamata kitu kingali kichanga. Google ilinunua YouTube mwaka 2006 kwa dola bilioni 1.65, YouTube haijatimiza hata miaka 2, na Google yenyewe ilikuwa na huduma yake ya video ambayo haikushika. Amazon ikachukua Twitch, ya kuonyesha michezo ya video moja kwa moja, mwaka 2014 kwa milioni 970. Kitu kikishakomaa, bei inameza faida yote. AT&T ilinunua Time Warner mwaka 2018 kwa bilioni kama 85, na mwaka 2022 ikaiachia iende kuungana na Discovery. Watu wa simu walidhani mwenye waya anajua na kutengeneza filamu!

Apple si wanunuzi wa namna hiyo. Beats, watengeneza headphone, waliichukua mwaka 2014 kwa bilioni 3, na hiyo kwao ilikuwa rekodi. Kwenye video waliamua kujenga ya kwao, wakaifungua Novemba 2019. Netflix ina wateja zaidi ya milioni 300. Hununui kitu kama hicho kwa chenji iliyobaki mfukoni.

Bukari_Moto
Kwa nini kabla ya Jumapili? Apple wanaenda misa?

MwanaKatuba
Mwaka 2000 Netflix wenyewe waliwafuata Blockbuster, wenye maduka ya kukodisha filamu, wakaomba wanunuliwe kwa milioni 50. Wakakataliwa. Leo Blockbuster iko wapi? Marehemu baba alikuwa na sinema ya video hapa Katuba, Lubumbashi: mabenchi 6, televisheni moja, jenereta nyuma ya choo. Jumamosi watoto walikuwa wanachungulia kupitia tundu za misumari kwenye bati. Mtu mmoja akaja kutoka Likasi, akataka kuichukua yote kwa pikipiki mpya. Baba akasema sinema ni mali ya ukoo. Flashi zilipoingia mtaani aliuza benchi moja moja, la mwisho akabaki analikalia mwenyewe mlangoni. Kwa hiyo ukiletewa bei, uza.

Fundi_wa_Flashi
Asante yaya, ila mimi siuzi sinema. Mzee, nimekuelewa, lakini si lazima Apple. Hata Amazon au Google. Mmoja akisema tu kwamba anataka, hisa si zinapanda?

Mzee_wa_Bel_Air
Kwa kawaida hisa za anayenunuliwa zinapanda habari ikitoka. Lakini kungojea habari hiyo si biashara, ni bahati nasibu. Aprili 2022 Netflix walitangaza kwamba wamepoteza wateja laki 2, na kwa siku moja hisa zikashuka zaidi ya theluthi. Sasa na mimi nikuulize. Una hisa?

Fundi_wa_Flashi
Kidogo.

Mama_Michopo
Kidogo ngapi? Na pesa ni ya nani? Ninachoma nyama barabarani mwaka wa 11 huu, najua sura ya mtu anayekula makuta yasiyo yake. Hata ukiandika inaonekana.

Fundi_wa_Flashi
Mama, usinihukumu. Dola 500. Ni za likelemba, mchezo wa kuchanga na kupokezana. Tuko 10, kila mmoja 50, na mimi ndiye nashika daftari. Sikuiba. Niliona zinakaa wiki 3 ndani ya kopo la maziwa bila kazi, nikasema zizunguke kidogo, zirudi na watoto. Sasa kwenye akaunti zimefika 840. Mtu mwenye akili angezilaza?

Bukari_Moto
Weye unauza bafilme ya bure ku flashi pale soko Kenya, sasa unataka kuwa patron ya Netflix 😂 Unajiibia mwenyewe, papa!

Mtoto_wa_Kasapa
Hisa ulizinunua wapi? Kongo hatuna soko la hisa.

Fundi_wa_Flashi
Kuna mtu kwenye kundi la WhatsApp, yeye ndiye anatununulia Marekani. Si tapeli. Jirani yangu alilipwa dola 35 mwezi wa kwanza, nilizishika kwa mkono wangu. Shida ni ndogo tu: kutoa zile 840 wanataka kwanza dola 60, ushuru wa Marekani. Nimeshatuma 30. Ndiyo maana nauliza habari ya Apple. Kama itanunua karibuni, nimalizie 30 iliyobaki na ningojee bei ipande. Kama hainunui, nimalizie nitoe sasa.

Mzee_wa_Bel_Air
Yote mawili yanaanza na "nimalizie". Mwanangu, mwenye kukata ushuru anakata ndani ya pesa yenyewe, hakuambii ulete nyingine kutoka nyumbani. Apple inunue, isinunue, wewe huna hisa. Una picha ya namba kwenye simu.

Mama_Michopo
Na zile 35 za jirani zilitoka kwenye mfuko wa mjinga aliyeingia nyuma yake. Labda ni wewe.

Fundi_wa_Flashi
Mnasema hivyo kwa kuwa hamjaingia. Nimetoka kuangalia sasa hivi kwenye kompyuta, imepanda mpaka 852.

Mtoto_wa_Kasapa
Haya, hapo umejinasa. Uzi huu ni wa kutunga. Ukurasa wako unasema uko Katuba. Katuba hakuna umeme tangu saa 12 jioni, niko hapa hapa gizani kwa binamu. Hiyo kompyuta inakunywa nini, maji?

MwanaKatuba
Katuba gani? Kwetu upo.

Mtoto_wa_Kasapa
Upande wa barabara kubwa haupo.

Bukari_Moto
Kampemba umerudi saa 2, ukaua balbu mbili, ukaondoka.

Mzee_wa_Bel_Air
Bel Air upo, ila mwembamba. Friji inatetemeka tu.

MwanaKatuba
Mimi pia sasa nina shaka. Juzi juzi mwingine alikuja hapa analia kwamba shamba la mjomba limeangukia kwenye mgodi, kumbe anaandika mchezo wa kuigiza.

Fundi_wa_Flashi
Sitaki kuaminiwa na mtu. Kompyuta ya kazi ina betri, bila betri ningejazaje flashi sokoni? Na daftari hili hapa, nimepiga picha kwa tochi ya simu.

Mama_Michopo
Nimeiona. Daftari la shule, mistari ya wino mwekundu, mafuta yamemwagikia pembeni. Hilo halitungwi. Ila kidole gumba chako kimefunika jina la nne, na la nne ndilo lenye nyota na tarehe ya Jumapili. Nani anapokea Jumapili?

Fundi_wa_Flashi
Mwanachama tu.

Mama_Michopo
Baba, sema kweli.

Fundi_wa_Flashi
Mama mkwe. Ameshaagiza bati 20 kwa mkopo, fundi anapanda Jumatatu. Mke wangu ndiye aliyemwingiza kwenye likelemba, akamwambia daftari liko kwa mtu wa nyumbani.

Bukari_Moto
Nafuta zile kicheko zangu zote.

Mtoto_wa_Kasapa
Samahani kaka. Hiyo 30 usiitume.

Mama_Michopo
Mwambie mke wako leo usiku. Halafu nendeni kwa mama Jumamosi, msingoje Jumapili akiwa amekaa na wenzake. Peleka chochote ulicho nacho, hata 100. Na usianze kumweleza habari za Netflix, sema "nimepoteza pesa yako" halafu nyamaza.

Mzee_wa_Bel_Air
Na ile 30 ambayo hujatuma, iongeze kwenye hiyo 100.

Fundi_wa_Flashi
100 sina. Kuna mtu anayetaka kompyuta? Ina miaka 3, betri inashika masaa 4.

Mtoto_wa_Kasapa
Filamu zimo ndani?

Fundi_wa_Flashi
Zimejaa.