Watoto wa Kikwajuni: safari ya Mama

IJUMAA

Mwanaidi 20:11
Asalaam alaikum nyote. Bei za Dubai nimezipata, ofisi mbili. Leo tumalize, nimechoka kusema peke yangu humu.

Mwanaidi 20:13
Ofisi ya Kariakoo: dola 740 kwa mtu. Siku 5 usiku 4, hoteli ya nyota 3 mtaa wa Deira, chai ya asubuhi, gari la kutupokea uwanjani.
Ofisi ya Posta: dola 960. Siku zilezile, Deira hukohuko.

Mwanaidi 20:31
Naona mmeona wote.

Shamsa 20:34
Waalaikum salaam da Mwana. Sasa ikiwa ipo ya 740 tunajadili nini?

Mwanaidi 20:38
Ndiyo mtego wenyewe huo. Ya 740 haina visa. Nimembana yule kijana mara tatu ndipo akatema: visa dola 120 juu yetu, safari ya jangwani 40 juu yetu, kupanda Burj Khalifa 45 juu yetu. Ishafika 945. Na begi ni kilo 20 tu. Ya 960 vyote vimo, bima imo, na kilo 30. Kwa hiyo tunagombania dola 15.

Shamsa 20:39
Kilo 20 na Rukia yumo? 😂😂

Rukia 20:40
Mie nimekaa zangu kimya.

Abdul 20:40
Mama yangu akitoka Dubai kilo 20 ni za pochi tu 🤣

Rukia 20:41
Abdul, uko chumba cha pili, nakuja.

Salum 20:44
Hilo Burj Khalifa ni mita 828, la kupandia nini? Tusimame chini tulitazame bure. Shingo si zetu?

Mwanaidi 20:45
Salum, si wakati wake.

Salum 20:46
Dola 45 mara watu 7 ni 315 dada yangu. Mimi nazungumza hesabu, wewe unaona mzaha.

Mwanaidi 20:52
Jingine, msije mkaniuliza tukifika: hotelini kuna dirham ya utalii. Nyota 3 ni dirham 10 kwa chumba kila usiku, unalipa mwenyewe mapokezi. Ofisi zote mbili hazikuitia kwenye bei. Dirham yao imefungwa kwenye dola, 3.67, haiendi mbele haiendi nyuma. Ya kuiogopa ni shilingi yetu. Nimepigia dola kwa 2,600, ikipanda tutaongeza.

Mwanaidi 20:55
Sasa vyumba. Bei hizi ni za watu wawili chumbani, na sisi ni 7. Mama na Rukia. Mimi na Shamsa. Salum na Omari. Mjomba Sefu peke yake, anaongezewa dola 160.

Shamsa 20:56
Mjomba alale na Salum tuokoe 160.

Salum 20:56
Astaghfirullah. Nalipa mimi hiyo 160. Mlisahau ile safari ya Pemba? Nahodha mwenyewe alishuka kuangalia injini.

Abdul 20:57
🤣🤣🤣🤣

Mjomba Sefu 21:03
Nawasoma.

Salum 21:03
Shikamoo Mjomba 🙏

Mwanaidi 21:08
Jumla dola 6,880, yaani shilingi 17,888,000. Mama halipi, Mjomba halipi. Tunabaki watano, kila mmoja 3,577,600. Tukianza mwisho wa mwezi huu ni 360,000 kwa miezi 10, Juni tunaondoka shule zikifungwa.

Shamsa 21:11
Juni Dubai joto linapita 40 da Mwana. Mama na goti lile?

Mwanaidi 21:12
Ndiyo maana hoteli zinashuka. Desemba bei hizi hizi utaziona kwenye ndoto. Kila mahali kuna kiyoyozi, mpaka vituo vya basi.

Omari 21:20
Hela anashika nani?

Shamsa 21:21
Omari kumbe yu hai 😂

Mwanaidi 21:21
Nashika mimi.

Omari 21:24
Sawa, lakini pawe na daftari. Isije ikawa kama ya jenereta.

Rukia 21:25
Omari. Katika watu wote, wewe ndiwe wa kutaja jenereta?

Omari 21:26
Jenereta lipo. Nani kasema halipo?

Salum 21:27
Lipo, nimelisikia mwenyewe Tomondo kwenye harusi ya watu. Elfu 40 kwa usiku.

Omari 21:29
Ilikuwa mara moja, na hesabu nilimpa marehemu kaka Hafidh mkononi.

Rukia 21:30
Eti. Shahidi wako hapigiwi simu.

Mwanaidi 21:31
Marehemu msimtie humu. Narudia, 740 au 960? Yule wa Posta anashikilia bei mpaka Jumatano.

Mwanaidi 21:40
960 kwa kura yangu mwenyewe. Anayepinga aseme.

Mama 21:47
🎤 Ujumbe wa sauti 1:52

Mjomba Sefu 21:50
Niandikieni, spika ya simu yangu imekufa.

Abdul 21:58
Bibi anasema hivi, nimeandika kama alivyosema:
"Mwana mwanangu, ahsante, umehangaika, Mungu akupe. Lakini mimi sikusema nataka Dubai. Nilisema nataka kutoka, nyinyi mkasema Dubai. Hilo jengo nimeshaliona kwenye televisheni, limenitosha. Mdogo wangu Zuwena yuko Maskati. Tokea alipokuja kwenye matanga ya baba mwaka 1991 sijamshika mkono. Zamani alikuwa akipiga mwenyewe, ananieleza mpaka alichopika. Siku hizi anashikiwa simu na mjukuu, halafu ananiuliza mimi nani. Mkinipeleka Dubai mkanirudisha, nitakuwa nimepita mlangoni kwake sikubisha hodi. Kama ni Maskati nitakwenda. Kama si Maskati niacheni na kuku wangu."
Hapo akakata.

Mjomba Sefu 22:41
Dada kasema. Nyinyi hamjui, Zuwena ndiye aliyekuwa akinibeba mgongoni kwenda chuo cha Kurani. Chumba cha peke yangu sikitaki. Hizo 160 zitieni kwenye Maskati.

JUMAMOSI

Mwanaidi 06:22
Sabalkheri. Sikulala vizuri. Mama, tumekusikia.

Mwanaidi 06:40
Nimezungumza na wa Posta alfajiri hii, Mungu amlipe, kapokea. Dubai mpaka Maskati kwa basi ni kama kilomita 450, mwendo wa saa 5 mpaka 6 na mambo ya mpakani. Tatizo ni visa. Ya kwetu ni ya kuingia mara moja, ukishavuka kwenda Oman imekwisha, hurudi Dubai. Kwa hiyo ama visa ya kuingia mara nyingi, ambayo ni ghali, ama tiketi ya kwendea Dubai na kurudi kutoka Maskati. Na visa ya Oman juu yake. Ile 960 hapo haipo tena, anapiga upya.

Salum 07:15
Kwa nini tusiende Maskati moja kwa moja? Dubai tuiache. Hoteli hatulipi, tunafikia kwa Mama Mdogo.

Rukia 07:19
Watu 7 kwenye nyumba ya mgonjwa? Nani atawapikia?

Salum 07:20
Basi hoteli, lakini huko huko Maskati.

Shamsa 07:48
Samahani jamani, mimi si kwamba nampinga Mama. Lakini kazini nimeshaomba ruhusa na nina oda za watu za Deira, wengine wamenipa advansi. Mama, Mjomba na Rukia wakienda Maskati, sisi wengine tukaenda Dubai kama ilivyopangwa, kuna ubaya?

Rukia 07:50
Ubaya uko, Shamsa.

Mwanaidi 07:51
Safari ni ya Mama.

Shamsa 07:53
Nimeuliza tu. Humu mtu haulizi?

Salum 07:55
Da Shamsa ukivuka kwa boti ya abra pale Creek ni dirham 1 tu, labda uvuke mpaka Oman 🛶

Mwanaidi 07:56
Salum!

Omari 09:30
Kuna mtu ananiulizia jenereta. Nitawaambia.

Mwanaidi 09:31
Utatuambia lini? Kiasi gani?

Mwanaidi 10:05
Omari?

Mama 10:20
📷 Picha

Abdul 10:22
Bibi umeipiga kichwa chini 😅 Hii pasipoti imekwisha tokea 2014.

Mwanaidi 10:25
Ya Rabbi. Kumbe tunahesabu dola na pasipoti haipo. Mpya ni 150,000, natoa mimi. Wote angalieni zenu leo leo, iwe na miezi 6 mbele kuanzia siku ya kusafiri. Rukia, Jumatatu mpeleke Mama Uhamiaji.

Rukia 10:31
Jumatatu nasimamia mitihani.

Mwanaidi 10:32
Jumanne?

Salum 10:40
Yangu mimi imeliwa na panya pembeni, lakini jina linasomeka.

Shamsa 10:41
Panya kakukatalia visa 😂

Mjomba Sefu 11:02
Mimi sina kabisa. Cheti cha kuzaliwa nacho sijui kiko kwa nani tokea tuhame.

Mwanaidi 11:03
Mjomba!! Miezi yote hii?

Mjomba Sefu 11:05
Hamkuniuliza pasipoti. Mliniuliza kukoroma.

Mama 11:17
🎤 Ujumbe wa sauti 0:09

Abdul 11:18
Bibi anauliza hizo kilo 30 zinachukua mkungu wa ndizi mkono wa tembo. Anasema Mama Mdogo Zuwena alikuwa hali ndizi nyingine.

Mwanaidi 11:24
Mwambie nitauliza. Rukia, nimekuuliza Jumanne.