Mjadala: Mpagani akifariki Uingereza, mazishi yaamuliwe na nani, ndugu wa damu au wenzake wa imani?

Mleta mada: Wapagani wa leo, yaani wafuasi wa dini za kuheshimu maumbile (Wadruidi, Wawika na wengineo), husherehekea pamoja sikukuu nane za majira, ila ndugu zao wengi si wa imani hiyo. Mmoja akifa, wenzake wanataka azikwe msituni kwenye jeneza la matete. Mama yake anataka kanisani. Msimamo wangu: matakwa ya marehemu yatangulie. Karibuni.

Mchangiaji wa 1: Mkuu, sheria ya England haikuungi mkono. Tangu kesi ya Williams dhidi ya Williams, 1882, maiti si mali ya mtu, na maagizo ya marehemu kuhusu mwili wake hayamfungi yeyote. Neno la mwisho analo msimamizi aliyetajwa kwenye wosia. Pasipo wosia, kwa kawaida hutangulia mwenzi wa ndoa, kisha watoto, kisha wazazi. Wengi wanakwama hapa: harusi ya Kipagani ya kufungana mikono kwa utepe haitambuliki kisheria pale England bila ndoa ya serikali. Mmeishi pamoja miaka 20, na bado mama mkwe anakupita. Kwa hiyo andika wosia, mteue mwenzako wa imani awe msimamizi, utie saini mbele ya mashahidi wawili waliopo kwa pamoja, wasiwe warithi wako. Mpango wa mazishi uwe karatasi ya pembeni, nakala apewe msimamizi mapema, kwa sababu wosia mara nyingi hufunguliwa watu wameshazika.

Mchangiaji wa 2: Ushindi wa mahakamani nao una gharama yake, ndugu yangu. Kenya tuliyaona kwa wakili S.M. Otieno, aliyefariki Desemba 1986. Mjane wake Wambui alitaka azikwe kwenye shamba lao la Upper Matasia, karibu na Nairobi; ukoo wa marehemu, Umira Kager, ukataka Nyalgunga, nyumbani kwa mababu zake. Mahakama ya Rufaa iliupa ukoo, akazikwa Mei 1987. Miezi mitano mwili uko mochwari! Waachieni wazazi wazike. Wenzake wa imani wamtaje marehemu kwenye Samhain, Oktoba 31, sikukuu yao ya kuwakumbuka wafu.

Mchangiaji wa 3: Hapana, dada. Kumwombea mtu kwa ibada aliyoiacha akiwa na akili timamu ni kumkana. Kama ni kupatana, kuna kuchoma mwili: ibada ya ndugu ifanyike kwanza, majivu yagawanywe, fungu moja lisubiri Samhain. Mkubaliane kwa maandishi kabla, maana majivu hukabidhiwa aliyetia saini ombi la kuchoma au aliyemtaja. Na msiweke kikombe cha kioo wala betri ndani ya jeneza, tanuri haliruhusu.

Mchangiaji wa 1: Majivu yanagawanyika, kaburi haligawanyiki. Anayetaka ardhi ya mtu binafsi apate idhini ya mwenye shamba, kaburi liwe mbali na kisima au chemchemi ya maji ya kunywa na mbali na mto, na lisitoe maji linapochimbwa. Shamba likiuzwa, ndugu wanaweza kukosa njia ya kwenda kaburini. Hilo mama yake ana haki ya kuliuliza kabla jembe halijagusa udongo.

Mleta mada: Basi nalegeza: mama asikilizwe kuhusu mahali. Kuhusu ibada, bado nashikilia ya marehemu.