Tupeane uzoefu: UPS kupata moto na betri kuvimba

Wakuu, uzi huu ni wa UPS (kifaa chenye betri kinachoendelea kutoa umeme ukikatika) zinazochemka na betri zinazokufa mapema. Leteni vipimo, tusaidiane.

Volti13
Kabla ya kununua betri mpya, pimeni chaja. Betri ya 12V 7Ah (ampea-saa 7) ikishajaa, UPS ikiwa kwenye umeme, isome kati ya 13.5V na 13.8V. Ikikaa juu ya 14V, chaja imeharibika: maji ya ndani yanageuka gesi, betri inapata moto na kuvimba. Hata mpya utakayoweka itavimba vilevile. Tafadhalini, kwenye UPS nyingine nyaya za betri hazijatenganishwa na umeme wa ukutani, kwa hiyo usiguse chuma chochote unapopima. Iliyovimba usiitoboe.

Mpimaji
Nyongeza kwa mkuu hapo juu: volti peke yake inadanganya. Betri iliyochoka husoma 12.7V ikiwa haina mzigo, yaani haiendeshi kifaa chochote. Ichaji ijae, kisha iwashie taa ya gari ya wati 21 kwa dakika 10. 7Ah nzima inabaki juu ya 12V. Ikishuka chini ya 11V, imekwisha.

UPS yenye betri mbili zilizounganishwa kwa mfululizo (chanya ya moja kwenye hasi ya nyingine), badilisha zote. Chaja inaona jumla ya volti tu, hivyo ile yenye seli iliyokufa inachukua kidogo na nzima inabebeshwa zilizobaki. Ndiyo maana ukibadilisha moja tu, ile mpya huwahi kufa.

Feni Safi
Wengi wanasahau viunganishi. Betri hizi zina vichwa bapa vya upana wa milimita 4.75 au 6.35. Klipu ya 6.35 ukiivika kwenye kichwa cha 4.75 inacheza, na UPS ikianza kuvuta ampea nyingi hapo ndipo plastiki inapoyeyuka. Ukiona weusi, kata, weka klipu ya saizi yake.

Feni ipulizwe vumbi, UPS iachiwe nafasi ya sentimita 10 kila upande. Betri hupimwa umri kwa nyuzi 25. Kila nyuzi 10 zikiongezeka, umri unapungua takriban nusu. Printa ya leza isichomekwe kabisa kwenye soketi za UPS zinazolindwa na betri, inavuta sana inapopasha moto.

Mgeni wa UPS
Na betri ya akiba iliyo stoo?

Mpimaji
Ichaji kila miezi 6, au mapema zaidi stoo ikiwa na joto. Ikishuka chini ya 12.4V usingoje, risasi ndani inaanza kuganda salfa.