Naomba ushauri: kutambua beji halisi za katuni zinazofuata michoro maarufu

Ndugu zangu, habari za wakati huu. Niko Arusha, na ninakusanya beji za chuma za wahusika wa katuni waliochorwa kwa kufuata kazi kubwa za sanaa, kama vile mhusika aliyekaa kwa mkao wa Mona Lisa wa Leonardo da Vinci, au aliyesimama chini ya anga la usiku wenye nyota alilolichora Vincent van Gogh mwaka 1889. Napenda sana beji hizi, kwa sababu ndizo zilizonifundisha kuitazama michoro yenyewe kwa makini, na natamani siku moja nipate inayofuata mtindo wa uchoraji wa Kitanzania uitwao Tingatinga.

Ninachoomba ni msaada wa kutambua beji halisi kabla ya kulipa. Za Disney huwa na alama ya hakimiliki mgongoni, lakini waigaji nao huinakili. Je, niangalie nini zaidi kwenye picha za muuzaji, rangi iliyovuka kingo za chuma, vishimo, au ukungu wa maandishi? Aidha, kama mnamfahamu fundi wa fremu, Arusha au Moshi, anayetengeneza fremu ya kioo yenye kina cha kutosha sindano za nyuma, tafadhali nielekezeni.