Tupeane uzoefu: Jumapili saa tatu asubuhi, waziri kwenye kiti cha moto

Wakuu, salaam. Hasa mlioko Uingereza.

Nilifika huku 2006, nikawa nabeba boksi usiku kwenye nyumba ya wazee. Jumapili nikitoka zamu namkuta mwenye nyumba wangu, mzee wa Kiingereza, ameshawasha BBC One anamwangalia Andrew Marr na kipindi chake cha mahojiano ya siasa. Kwanza magazeti yanapitiwa, kisha anaingia mwanasiasa. Siku ya kwanza nilishika mdomo: mtangazaji anamkatiza waziri, anamrudishia swali lile lile mara ya tatu! Nikamgeukia mzee nione kama ameshtuka. Anapaka siagi mkate. Mimi nimekulia kwenye "mheshimiwa, una neno gani kwa wananchi?", halafu mheshimiwa anaachiwa nusu saa.

Nanyi kipindi hiki mlikianzaje? Tiririkeni.

*

Wewe kijana wa juzi. Sisi tulianza na David Frost, yule aliyemhoji Nixon, rais wa zamani wa Marekani, 1977. Kipindi chake cha Jumapili kilianza 1993 mpaka 2005, ndipo Marr akapokea. Frost hakuwa mtu wa kukatiza. Alikuwa anamchekea mgeni mpaka mgeni anajisahau na kusema asichokusudia. Kwangu mimi huo ndio ufundi, hizi kelele za sasa ni ubishi wa kijiweni.

*

Mimi langu si la siasa. Januari 2013 Marr alipata kiharusi. Mwaka huo huo baba yangu, Tanga, naye kikampiga, upande wa kushoto kama yeye. Baba akagoma mazoezi, anasema mtu wa hivyo kazi yake imekwisha. Septemba Marr aliporudi kitini, mkono ukiwa bado mzito, nilirekodi kipande kwa simu nikamtumia kaka amwonyeshe. Baba hakusema kitu. Kesho yake akaomba fimbo.

*

Pole dada, na hongera kwa mzee.

Mimi ni wa Mombasa. Nyanya alikuja kunizuru, Kiingereza hajui hata kidogo, lakini kipindi hakimpiti. Ananambia, "Huyu mrongo, mtazame anavyomeza mate." Nami nimekaa hapo na digrii yangu, nimeshamwamini yule waziri!

*

Kuna aliyeona tarehe 4 Septemba 2022? Kipindi cha kwanza cha Laura Kuenssberg kwenye kiti hicho cha Jumapili, Marr akiwa ameshaondoka. Liz Truss anahojiwa, kesho yake anatangazwa mshindi wa uongozi wa chama cha Conservative, yaani waziri mkuu mtarajiwa. Pembeni kuna mchekeshaji, Joe Lycett, anampigia makofi na kumsifu kwa sauti. Mimi nikamwambia mume wangu, kumbe na huku machawa, wa kuwasifia wakubwa, wapo! Mwanangu wa miaka kumi na mbili ndiye aliyenifafanulia kwamba anamkejeli. Miaka yote niko hapa, kejeli za Waingereza bado zinanipita.

*

Hahaha, dada, hata magazeti yao yalibishana.

Mleta mada, yule mzee wako wa siagi yuko wapi siku hizi?

*

Alihamia Wales kwa binti yake, na mimi nikapata kwangu. Saa nne kipindi kikiisha simu inaita. Hata salamu hakuna, anaanza moja kwa moja na waziri. Siku hizi namkatiza.