Mikanda ya nyonga au hogo kwa mtoto? Naombeni ushauri

MamaTausi: Habari wakuu. Binti yangu nyonga ya kushoto haijakaa sawa. Daktari wa kwanza kasema avalishwe mikanda ya Pavlik, ile inayoshikilia miguu ya mtoto ikiwa imekunjwa na kupanuka. Wa pili kasema mikanda ni kupoteza muda, apigwe nusu kaputi, nyonga irudishwe, afungwe hogo, ile plasta ngumu. Baba yake anataka hogo yaishe mara moja, mimi nusu kaputi inanitisha. Nyie mngechagua kipi?

FundiViungo: Dada, umri? Jibu lote liko hapo. Na alipigwa ultrasaundi au eksirei? Nyonga imetoka kabisa au inachezacheza tu? Alizaliwa akitanguliza matako?

KibopaTanga: Hogo. Mtoto wa dada yangu alifungwa, leo anacheza mpira. Mikanda mama akichoka anaivua, basi kazi imeharibika.

FundiViungo: Huyo wa dada yako alikuwa na umri gani?

KibopaTanga: Alishaanza kutembea, anachechemea.

FundiViungo: Basi mikanda ilikuwa imeshampita. Hiyo hutumika zaidi chini ya miezi 6. Akivuka hapo, nyonga hurudishwa kwa nusu kaputi bila kupasua, halafu hogo kutoka kifuani hadi miguuni, kama miezi 3 hivi. Akizidi mwaka na nusu, mara nyingi ni kupasua, pengine na kukata mfupa.

MamaTausi: Ana miezi mitatu na nusu. Ultrasaundi. Alitanguliza matako, nikafanyiwa upasuaji. Nyonga imetoka ila daktari akiisukuma inaingia.

FundiViungo: Sasa umesema. Kwa umri huo na nyonga inayoingia, kwa kawaida mikanda ndiyo huanza. Inavaliwa usiku na mchana, na usiikaze wala kuilegeza mwenyewe: miguu ikipanuliwa kwa nguvu, damu hukatika kwenye kichwa cha fupa la paja. Baada ya wiki 3 au 4 arudiwe ultrasaundi. Kama nyonga bado iko nje, mikanda ivuliwe, maana kung'ang'ania kunamomonyoa ukingo wa nyuma wa kikombe cha nyonga. Hapo ndipo hogo linaingia. Huyo daktari wa pili muulize ameona nini hadi aruke hatua.

BibiMkunazini: Wajukuu zangu wote nimewakanda kwa mafuta ya nazi, nikawanyoosha miguu na kuwafunga kanga ikaze. Hakuna aliyechechemea.

Mwanamvua_Leicester: Shikamoo bibi. Kukanda sawa, ila hiyo ya kufunga miguu imenyooka ndiyo hasa inayotoa nyonga. Wajapani waliipiga vita miaka ya 1970 na watoto wa shida hii wakapungua sana. Mbeleko ndiyo kinga nzuri, miguu imepanuka mgongoni kwa mama.

BibiMkunazini: Marahaba. Mbeleko nayo niliwabeba.

Mwanamvua_Leicester: Basi ndiyo iliyowaokoa, bibi 😄

BabaJunior: Naomba nitoke nje ya mada kidogo. Wangu alikuwa na miaka 12, mnene mnene. Akaanza kulalamika goti. Hospitali moja (siitaji) wakapiga picha ya goti, safi. Diklofenaki na bandeji, rudi nyumbani. Goti likaendelea, tukarudi, diklofenaki tena. Mwalimu wa michezo akamwita mvivu. Mguu ukaanza kuangalia nje akitembea, nao wakasema ni mwendo wake tu. Siku moja akateleza kwenye ngazi za shule, hakuweza kukanyaga tena. Tulipohamia kwingine daktari hata goti hakuligusa, akaukunja mguu, ukawa unaenda pembeni wenyewe, akaagiza picha ya nyonga zote mbili. Kichwa cha fupa la paja kilikuwa kimeteleza kutoka mahali pake! Kawekewa skrubu siku ya pili. Leo mguu mmoja mfupi kuliko mwenzake. Mtoto akilia goti na picha ya goti ni safi, dai nyonga ipigwe.

KibopaTanga: Soda hizo na chipsi.

BabaJunior: Kibopa, mimi nimeongelea diklofenaki, wewe unaniletea chipsi?

FundiViungo: Unene unachangia kweli, ila ulaji haumpi mtu ruhusa ya kutompima mtoto.

Juma_wa_Igoma: Wangu miaka 5, alipona mafua wiki iliyopita, tangu juzi anachechemea. Nisubiri?

FundiViungo: Ana homa? Anakanyaga? Homa na kukataa kukanyaga ni hospitali leo hii, usaha unaweza kuila nyonga kwa siku chache. Bila homa, mara nyingi ni nyonga kujaa maji baada ya mafua, inaisha yenyewe ndani ya wiki moja au mbili, ila aonwe na daktari. Akiendelea kuchechemea apigwe picha, kuna ugonjwa wa Perthes wa umri huo, damu haifiki vizuri kwenye kichwa cha fupa la paja. Sikoseli ameshapimwa?

Juma_wa_Igoma: Hajapimwa. Homa hana, anakanyaga.

MamaTausi: Asanteni. Baba yake kasoma uzi wote, anasema Kibopa ndiye mwenye akili.

KibopaTanga: Msalimie sana shemeji.

Mwanamvua_Leicester: MamaTausi, kabla hamjagombana, kamwulizeni huyo daktari wa pili wote wawili pamoja.

Zai_Kariakoo: Hiyo mikanda inauzwa wapi? Kuna mtu ana iliyotumika?